Kabla Hujamwambia Mtu Karibu

Rukia mwanangu,

Marahaba. Najua ukiishika karatasi hii jambo la kwanza utaniamkia, hata kama sipo mbele yako, kwa hiyo naitikia kabisa nisije nikakuachia shikamoo yako hewani. Umetoka na wenzako kwenda Darajani kutafuta viatu vya kazini, nyumba imenyamaza, na mie nimekaa dirishani na kikombe cha chai ya mchaichai nakuandikia. Barua nitaiweka juu ya buibui ulilolitundika kwa ajili ya kesho. Nataka uisome kabla hujashuka ngazi, si ukishafika Matemwe.

Utauliza kwa nini mama anaandika na mdomo anao. Mdomo nnao, sote twajua, na mtaa wa pili wanajua. Lakini nikisema nawe utajibu, na ukijibu nitakasirika, na nikikasirika utanuna mpaka asubuhi, na sitaki uondoke nyumbani umenuna. Karatasi haijibiwi. Isome mpaka mwisho, halafu kama ni kununa nunia huko huko garini.

Habari za chandarua na za kula kwa wakati sitakwambia. Baba yako keshakwambia zote na nyengine kazirudia. Nataka kukwambia habari ya kazi yako, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Hoteli mpya ya Matemwe imekupa kiti cha kuajiri watu. Nimefurahi, Rukia, nimefurahi sana, hata juzi nilipokuwa nakanda unga nilijikuta nacheka peke yangu. Kiti hicho nilikikalia kule hotelini Mbweni mpaka nilipostaafu, na kazi yenyewe naijua. Watu wanadhani kazi ile ni kuchagua. Kuchagua si tabu. Ukiwa na macho na masikio utamjua anayefaa, na wewe macho na masikio unayo. Kazi iko katika kusema. Yule uliyemchagua utamwambia nini, yule usiyemchagua utamwambia nini, na utawaambia lini. Hapo ndipo wengi wanapoanguka, na sie watu wa mji huu tunaanguka zaidi, maana tumelelewa tusimwambie mtu siyo usoni kwake. Tunaona ni utovu wa adabu. Tunamwambia neno zuri aende nalo, na huko anakokwenda nalo sie hatupo.

Kisa cha Jokha unakijua nusu. Nusu unayoijua ni ile anayoihadithia baba yako siku za sikukuu, ya msichana aliyekuja hotelini na mkeka wake kuanza kazi ambayo hakupewa, na watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nusu ya pili haichekeshi, ndiyo maana baba yako huiacha.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa tunatafuta mtu mmoja wa kufua na kupiga pasi. Waombaji walikuwa wengi, na mmoja wao alikuwa Jokha, msichana wa Tumbatu, aliyevuka asubuhi mpaka Mkokotoni, akapanda gari mpaka mjini, na kutoka mjini akapanda nyengine mpaka Mbweni. Alikuwa mpole, anajibu unachomuuliza na haongezi kitu. Nilimpenda. Lakini alikuwapo mwengine aliyewahi kufanya kazi ya dobi hotelini, anazijua mashine, na moyoni nilikuwa nshamchagua huyo. Usaili wa Jokha ulipokwisha niliinuka nikamsindikiza mpaka mlangoni, kama bibi yako alivyonifundisha kumsindikiza mgeni, nikamwambia, "Ahsante sana, Jokha. Karibu sana. Karibu Mbweni."

Basi, ni hilo tu. Ungekuwa wewe ungesema vivyo hivyo. Hapa kwetu mtu akitoka dukani bila ya kununua kitu huambiwa karibu. Akipita barazani na wewe unakula unamwambia karibu, na wewe unajua, naye anajua, kwamba hakai. Neno hili tumelitumia mpaka limelainika kama kanga kuukuu.

Jokha alisikia karibu. Akarudi kwao akasema amekaribishwa.

Jumatatu asubuhi mlinzi wa getini akanipigia. "Bi Zuhura, mfanyakazi wako mpya kafika. Kaja na mzee wake."

"Mfanyakazi gani?"

"Wa dobi. Ana mkoba na mkeka."

Nikashuka. Jokha kasimama getini kavaa viatu vipya, mkeka umekunjwa vizuri umefungwa kamba, na ubavuni mwake yuko mjomba wake kashika kikapu cha pweza mkavu. Nilimwamkia mzee. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Tumekuleteeni mtoto. Mama yake kasema umwangalie kama wako." Na pweza alikuwa wangu mie, shukrani yao.

Na unajua neno gani lilinijia mdomoni? Inshaallah. Nilitaka kusema inshaallah, hebu kaeni kidogo kivulini, halafu niingie ndani nimtume mwengine akawaambie kwamba nafasi imejaa. Lilishafika kwenye ulimi. Nikamtazama yule mzee na kikapu chake nikalimeza.

Nikasema, "Jokha, unisamehe. Sikukuajiri. Nafasi kapata mtu mwengine."

Hakulia. Akasema, "Lakini ulinambia karibu."

"Nilikwambia karibu kama ninavyomwambia kila anayetoka mlangoni kwangu."

"Basi ungenambia kwaheri," akasema. "Ningejua."



Mjomba wake hakukasirika, na ingekuwa nafuu kwangu kama angekasirika. Aliuliza jambo moja. "Sasa mama yake nikamwambie nini?" Maana kwao walikuwa washaagana. Dua imesomwa, majirani wamekuja, mmoja kamuazima mkoba, wengine wamemsindikiza mpaka chomboni. Leo arudi na mkeka ule ule mbele ya watu wale wale. Wangesema kafukuzwa. Wangejiuliza kafanya nini huko mjini hata asikae siku moja. Msichana wa watu, hajakosa kitu, angebeba sifa mbaya ambayo mie ndiye niliyemtwisha.

Nikapanda ghorofani nikaomba ruhusa, nikashuka, nikaingia nao garini. Wewe ulikuwa mdogo, na nilimpigia Bi Mwanaidi hapo jirani akakutoe skuli. Siku ile ulikula kwake, ukaoga kwake, na niliporudi nilikukuta umelala kwenye mkeka wake ubavuni mwa mwanawe Hafidh, mikono yenu yote miwili imejaa hina aliyowapaka kuwanyamazisha.

Tulivuka mpaka Tumbatu. Mama yake Jokha alitoka mlangoni, akauona mkeka, akamuona mwanamke wa mjini asiyemjua, akasema, "Karibu." Nikasimama pale kizingitini, mie niliyelelewa na neno hilo, nisijue niingie au nisiingie.

"Ingia basi," akasema. "Mbona umeganda?"

Nikaingia. Nikasema mbele ya wanawake wote waliokuwa wamekaa pale kwamba binti yao hakufukuzwa na hakukosea, usaili aliujibu vizuri, ila nafasi ilikuwa moja na nimempa mwengine, na mie ndiye niliyemuaga kwa neno la kumkaribisha. Mama mtu akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Umefanya vizuri kuja. Lakini ungesema palepale ingekuwa tabu ya kitambo kidogo, tena ya mtu mmoja. Sasa umetutia tabu ukoo mzima." Halafu akanipakulia wali. Pweza alibaki kwao, na ilikuwa haki yao.

Jokha sikumpatia kazi, nakwambia usije ukadhani kisa kina mwisho wa sinema. Baadaye nilisikia yuko Nungwi kwenye hoteli, na kazi hiyo aliitafuta mwenyewe.

Tangu hapo nikawa na maneno yangu ya kumalizia usaili, na niliyasema hivyo hivyo kwa kila mtu, awe mpishi au mhasibu. "Usaili umekwisha. Sijakuchagua wala sijakukataa, kuna wengine sijawaona. Jumatano baada ya adhuhuri nitakupigia mwenyewe, iwe ndiyo, iwe siyo." Na Jumatano nilikuwa napiga. Hata kama sijaamua nilikuwa napiga, nasema sijaamua, nitakupigia Ijumaa jioni. Usidhani ni jambo dogo, Rukia. Mtu anayengojea jibu la kazi hatoki nyumbani, simu ikilia wanaruka nyumba nzima, na akiulizwa na shangazi yake "vipi ile kazi?" hana la kusema. Ukimpa siku na ukaishika siku hiyo, umempa nafasi ya kuendelea na maisha yake. Haikugharimu kitu ila mdomo.

Neno karibu nikaliweka akiba. Nilikuwa simwambii mtu karibu mpaka awe ameshatia saini. Nilimsindikiza mlangoni nikamwambia ahsante kwa kuja, safari njema. Wengine waliona mie ni mkavu. Mwanzo hata mimi niliona hivyo, na zile simu za siyo zilinipa shida kweli kweli. Wafanyakazi wakanibandika jina, wakaniita Bi Siyo. Wewe ukalisikia skuli ukarudi umevimba macho, ukaniuliza kwa nini mama yako anaitwa vile. Unakumbuka nilivyokujibu? Nilikwambia, kwa sababu mama yako akisema ndiyo, watu huamini. Sijui kama ulielewa. Ulitaka boflo na chai, ukapewa, ukanyamaza.

Lakini usije ukadhani nilipatia moja kwa moja. Nilikosea upande wa pili vilevile. Alikuja kijana mmoja kuomba udereva, mtanashati, ana heshima zake, nami nikaona vibaya kumkatalia. Nikasema nimpooze kwanza. Nikamsifu nidhamu yake, nikamsifu anavyolijua gari, nikamsifu mpaka kanzu aliyoivaa, nikijiandaa polepole kufika kwenye ile siyo. Yule kijana akatabasamu akaniuliza, "Basi nianze lini, bi?" Nilitamani ardhi inimeze. Ilibidi nimshushe kutoka huko juu nilikompandisha mwenyewe, na hapakuwa na ngazi.

Kwa hiyo siyo itangulie. Iseme mwanzo, kwa sauti yako ya kawaida, wala usiizungushe. Halafu mpe sababu, na iwe ya kweli. Usiseme nafasi zimejaa na kumbe unaendelea kutafuta, maana Unguja hii ni ndogo, na kabla ya alasiri atakuwa ameshaambiwa na binamu yake kwamba jana kaitwa mtu mwengine. Ukimwambia hujui mashine za kufulia, au hesabu zako zina makosa, hilo anaweza akaenda akalifanyia kazi. Ukimwambia "safari hii haikuwa riziki yako", hapo umemsingizia Mwenyezi Mungu uamuzi ulioukata wewe. Halafu ukishasema, nyamaza. Mwache aseme lake. Wengine watakuuliza, wengine watakasirika, mmoja aliwahi kunikatia simu kisha akanipigia tena kuomba radhi. Wewe usikijaze kile kimya kwa maneno, maana ndimo ahadi za uongo zinamotoka.

Na usije ukageuza ukavu kuwa ndio ukweli. Tulikuwa na meneja mgeni, mtu mzuri wa kazi, aliyechoka na zile simu zangu. Akaona zinachukua muda. Siku moja nikiwa likizo aliwatumia waombaji wote ujumbe mmoja, majina yamepangana, huyu kapata, huyu hakupata, kila mtu anasoma lake na la mwenzake. Kwake ilikuwa ni uwazi. Hapa ilikuwa ni kuwavua watu nguo sokoni. Kulikuwa na baba mtu mzima katika majina yale, na mkwewe naye alikuwamo, na mkwe kapata na baba hakupata. Nilirudi likizo nikamwendea ofisini kwake, tukagombana, na nilishinda. Siyo ya mtu ni yake peke yake. Mpigie yeye, zungumza naye, na usimpitishie kwa mtu mwengine hata kama ni ndugu yake.

Yule uliyemchagua naye usimfiche kitu. Watu wanadhani ndiyo haina uzito, eti mtu keshafurahi basi kila kitu sawa. Kama kazi ya mkahawani ina kumpelekea mgeni pombe, mwambie siku ya usaili, umwambie kwa jina lake, pombe, usimwambie vinywaji. Nimewaona vijana wamefika siku ya kwanza wakatiwa sinia mkononi, hawajui wafanye nini, wengine wamebwaga sinia palepale wakaenda zao, na hoteli ikawaona wakorofi. Hawakuwa wakorofi, walidanganywa kwa adabu. Mwambie msichana kama mtandio utaruhusiwa au la. Mwambie zamu inakwisha saa ngapi na kama kuna gari ya kumrudisha kwao. Mwambie mshahara kabla hajakuuliza, maana wengi wataona haya kukuuliza. Akikataa baada ya kuyajua hayo, mshukuru, amekuokoeni nyote wawili.

Neno lililobaki ni lile lililotaka kunitoka pale getini. Sisemi usiseme inshaallah. Mie mwenyewe nalisema kutwa. Lakini liseme juu ya jambo uliloazimia kulifanya. Inshaallah nitakupigia Jumatano, na uwe umeshaiandika Jumatano hiyo. Usilifanye pazia la kujifichia wewe kwa mtu anayekutazama usoni. Hilo nakukataza kabisa, na katika barua nzima hili peke yake ndilo ninalokukataza.

Sasa nije kwa Hafidh. Ulijua nitafika.

Juzi jikoni tulikuwa tunamenya ndizi, ukanambia kama unayetaja hali ya hewa, "Mama, Hafidh sikumchukua. Wageni wengi watakuwa Wataliano, na nimempata kijana wa mapokezi anayekijua Kitaliano."

"Umemwambia?"

"Nitamtumia ujumbe nikishafika."

"Na siku ya usaili ulimwambia nini?"

Ukaacha kumenya. "Nilimwambia karibu Matemwe."

Nikaendelea kumenya, na wewe ukaona nimekasirika, ukaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vishaoshwa. Uamuzi wako sikuugusa juzi na siugusi leo. Umechagua sawa. Hafidh ni mtoto mzuri lakini Kitaliano hakijui, na ungemchukua kwa sababu ya ujirani ningekushangaa. Nilinyamaza nikitumai utashuka mwenyewe umwambie. Hukushuka. Jana ulipita mlangoni kwao mbio ukijifanya uko kwenye simu, na simu yako ilikuwa kwenye chaji huku ndani, mie naitazama.

Leo baada ya adhuhuri nilikuwa juu naanika nguo, na Bi Mwanaidi kwao anaanika zake, akaniita kutoka huko. "Zuhura, Hafidh kaitwa kazi Mbweni, ile hoteli ndogo ya karibu na magofu. Wanataka jibu kesho kabla ya adhuhuri. Ati anataka kuwakatalia, anasema Rukia keshamkaribisha Matemwe. Kwani mwanao kasemaje?"

Nilikuwa na shuka mikononi. Ningeweza kumwambia. Ningeweza pia kumwambia inshaallah kheri, shoga yangu, na angeridhika, na kesho mtoto wake angeikosa kazi ya mkononi kwa ajili ya neno lako. Nikamwambia, "Kazi ni ya Rukia, neno ni la Rukia. Atakuja kulisema mwenyewe." Alinitazama. Bi Mwanaidi ananijua. Hakuuliza tena, akaendelea kuanika, na mie nikashuka na nguo nusu hazijaanikwa.

Ya Mbweni ulikuwa huyajui, kwa hilo sikulaumu. Sasa umeyajua.

Na najua kwa nini unaogopa. Humuogopi Hafidh. Hafidh utamwambia, atakasirika, atakutania maisha yako yote kwamba ulimnyima kazi kwa sababu ya Wataliano. Unamuogopa mama yake. Wali wake umekula zaidi ya wangu, kakutoa skuli siku ambazo mie niko kazini, kakuuguza tetekuwanga nikiwa Mbweni nasaili watu. Kusimama mbele ya mwanamke huyo na kumwambia sikumchukua mwanao, hata mie ningeona tabu. Lakini fikiri, Rukia. Kama huwezi kumwambia kweli mtu anayekupenda, utamwambiaje yule usiyemjua, aliyetoka mbali, anayekuogopa? Utampa karibu. Utawapa karibu wote, na watakuja na mikeka yao.

Nisikufiche na langu. Ukiondoka kesho bila kusema, kabla ya adhuhuri nitavuka hicho chochoro nimwambie Hafidh mwenyewe, maana sitamwacha mtoto wa watu akose riziki kwa ajili ya haya zako. Atapokea, ataiwahi kazi ya Mbweni, na mambo yatakwenda. Lakini atakuwa amelisikia kutoka kwangu. Wewe utakuwa umeanza kazi kwa kumkimbia mtu wa kwanza, na nitakuwa nimeifanya kazi yako nami nimestaafu. Sitaki kuifanya. Nilikuwa naipenda, lakini sasa ni yako, na nadhani utaifanya vizuri kuliko mie, kwa sababu mie nilikuwa na ulimi tu, wewe una ulimi na una huruma. Huruma hiyo ndiyo inayokuponza sasa hivi. Ukiifundisha kusema, hapana mtu atakayekuweza.

Nitakukosa. Sikuandika mwanzo kwa sababu ningeshindwa kuandika mengine. Baba yako anasema Matemwe si mbali, mtu huenda na kurudi siku moja, na ni kweli, lakini asubuhi nikiamka sitakusikia ukitafuta viatu vyako na kulaumu watu kwamba wamevificha. Nyumba itakuwa na nafasi nyingi mno. Naijua hiyo, nimeshaanza kuihisi leo.

Nakusikia unapanda ngazi, unacheka na wenzako, na kwa hicho kicheko viatu vimepatikana. Basi naharakisha. Gari ya hoteli haiingii chochoroni, itakungoja barabarani Malindi, na dereva nshamwambia asiwe na haraka. Kufika huko hakuna njia isiyopita mlangoni kwa Bi Mwanaidi, na saa hizo anakuwa barazani anachagua mchele. Atakuona na begi lako, atakwambia karibu. Yeye akisema karibu, ana maana ya karibu. Ingia.

Mama yako,
Zuhura